Naomba ushauri: mteja anataka kuweka tanki la maji juu ya kenchi tulizomtengenezea

Habari zenu wakuu. Nina karakana ya kenchi za mbao, yaani fremu zinazobeba paa, hapa Mafinga. Tunatumia paina ya shamba la miti la Sao Hill iliyokaushwa na kuwekwa dawa, tunaunga kwa bamba za chuma zenye meno, kisha tunapeleka saiti.

Kuna mteja wa nyumba yenye upana wa mita 9. Tumeshakubaliana bei na mchoro, sasa fundi wake anataka kenchi zipunguzwe kwa kuachanisha nafasi, halafu aweke tanki la lita 1,000 darini. Maji peke yake ni tani nzima, na mzigo huo hausambai paa lote, unaelemea kenchi mbili tatu tu, mchana na usiku. Mhandisi wetu alipiga hesabu ya bati, dari na upepo. Tanki halikuwemo. Nimekataa, lakini fundi anasisitiza kwamba "watu wanaweka kila siku" na mteja anaanza kumsikiliza.

Wenye uzoefu, mkataba wenu unasemaje kuhusu kukata, kutoboa au kuongeza mzigo bila ridhaa ya mhandisi? Hesabu mpya mnatoza, au mnaimeza wenyewe ili mteja asikimbie?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni siku ya kupandisha. Kenchi zisipofungwa mbao za kuzishikilia kadiri zinavyosimama, moja ikilala inaangusha zote, na vijana wako juu. Mnapeleka msimamizi wenu saiti, au mnamkabidhi fundi maelekezo na kumsainisha?