Isukuti bila ngozi ya kenge: vikundi vyetu vibadilike au viachwe vilivyo?

Wadau, hili jambo limenong'onwa vya kutosha pembeni mwa uwanja. Tulilete mezani. Kuna wanaosema vikundi vya Isukuti vinamaliza msitu: mti mzima unaangushwa ili kupata ngoma moja, kenge anachunwa ngozi ya kuwamba ngoma, mbega anageuzwa kilemba. Wengine wanajibu kwamba hii ni mila, na mila haiombi kibali kwa mtu. Mimi niko upande wa kubadilika, ila si kwa njia tunayohubiriwa kwenye semina za mazingira.

Kwa wasiotoka Kakamega: Isukuti ni dansi ya jadi ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa huku kwetu magharibi mwa Kenya. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zinakwenda na pembe ya swala na njuga za chuma. Hupigwa harusini, matangani, na fahali wanapopelekwa kupigana kwenye viwanja vya Khayega au Malinya. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi tulishangilia tukaishia hapo. Maelezo yenyewe yanasema wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na kwamba fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba. Sasa anayeniambia mila isiguswe, namuuliza: vifaa vikikosekana, utaigusa au hutaigusa?

Nianze na ngozi, maana ndipo kelele ilipo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaongeza kwamba kukutwa na nyara, yaani sehemu ya mnyamapori kama ngozi, bila kibali ni kosa, na ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka 5. Ngozi ya mbega ni nyara. Ya kenge pia. Mheshimiwa akitualika kumpokea uwanjani anapiga picha na wachezaji waliovaa mbega, anapanda gari, anaondoka. Siku maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakiuliza ngozi imetoka wapi, atakayejibu ni kiongozi wa kikundi. Hata kama hujali mnyama, jali huyo.

Na mnyama mwenyewe tumjali. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha misitu ya mvua ya Afrika ya kati, na umezungukwa na mashamba pande zote. Mbega akiisha humo hatatoka kwingine kuja kujaza pengo.

Hoja ya wazee naiheshimu: kuna ngozi zilizorithiwa, zimevaliwa na mababu, kuzichoma ni kuwatukana. Sawa. Hizo ziorodheshwe, ziombewe kibali, zitolewe kwa mazishi ya mzee anayestahili. Ninachokataa ni ngozi mpya kwa ajili ya kampeni na hoteli.

Kuhusu sauti, hapa nawasikia wapigaji wakiguna. Ngozi ya kenge ni nyembamba, inakazwa hadi inalia kwa ukali ambao ngozi ya mbuzi haiufikii kirahisi. Ni kweli. Mbuzi anataka kukwanguliwa vizuri, na ngoma yake inataka kuoteshwa moto kila mara kabla ya kupigwa, hasa msimu wa mvua, ambao kwetu ni karibu mwaka mzima. Ni kazi zaidi. Lakini mbuzi tunachinja kila wiki na ngozi nyingi zinatupwa. Nipeni mpigaji mzuri mwenye ngoma ya mbuzi iliyooteshwa moto sawasawa, niwape aliye ovyo mwenye ya kenge, tuone nani atawainua watu vitini.

Sasa wale wa semina. Wao wanasema: tumieni bomba la plastiki badala ya gogo, na manyoya ya nailoni badala ya mbega. Tafadhali! Bomba la plastiki utaliotesha moto vipi? Litajikunja mbele ya wageni. Na hayo manyoya ya nailoni yanapukutika uwanjani kila ukitikisa mabega, mvua inayapeleka mtoni. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017 isituuzie plastiki kwa jina la mazingira. Mkonge upo, unatiwa rangi, ukichakaa unaoza.

Jambo zito kwangu ni gogo, ingawa halizungumzwi, kwa sababu mti haupigwi picha kama mbega. Ngoma huchongwa kwenye gogo linalotobolewa ndani, na mti wa unene huo hauoti kwa msimu mmoja. Mti wa mukumari, unaofaa kuchongea ngoma, unapandika vizuri mpakani mwa shamba. Lakini nani atampa mcheza ngoma anayelipwa nauli na soda ardhi ya kupanda na miaka ya kusubiri?

Ndiyo maana napendekeza gharama hii imwangukie anayetukodi. Bei ya kikundi iwe na fungu la miche na la kumlipa mwenye shamba atakayeitunza. Mwenye sherehe analipia hema, vipaza sauti na maboksi ya maji ya chupa bila kulalamika. (Chupa hizo ndizo zinazobaki Malinya baada ya fahali kwenda nyumbani, na hakuna anayeitisha semina juu yake.) Akishindwa kuongeza pesa ya miche, huyo hakuhitaji Isukuti, alihitaji kelele.

Najua kuna watakaosema vikundi vidogo vitakosa kazi, kwa kuwa kikundi cha jirani kitakubali bei ya chini na mbega juu. Hilo sina jibu lake kamili, isipokuwa vikundi vikubaliane bei pamoja, na sisi tunajuana kwa ukaidi.

Wachongaji, nyinyi semeni: mukumari wa shambani unafikia unene wa ngoma kubwa baada ya miaka mingapi? Na kina mama mnaoshona mavazi, mkonge unastahimili mechi ngapi za fahali kabla ya kuanza kunyofoka? Wenye msimamo tofauti na wangu njooni pia, ila njooni na ngoma zenu.