Wenye vyoo vya kulipia na wenye mabasi ya mikoani: mtoto abadilishwe pampasi wapi?

Wanajamvi, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyependa habari za pampasi na kinyesi cha mtoto apite tu, sitamlaumu.

Mlangoni mwa choo tunalipishwa mia tatu, mahali pengine mia tano, na kuna wanaomhesabia mpaka mtoto uliyembeba. Hiyo hela inanunua nini? Ukiingia ndani hukuti sabuni. Hukuti maji yanayotiririka wala pipa lenye mfuniko. Hukuti hata sehemu kavu inayomtosha mtoto kulala dakika mbili. Unachokuta ni sakafu iliyolowa na ndoo yenye kopo moja, ambalo kila aliyetoka kujisaidia amelishika kwa mkono uleule. Hapo ndipo nimlaze mwanangu?

Juzi nilisafiri na binti yangu kwa basi kutoka Dar kwenda Mwanza. Ana mwaka na nusu. Wenye watoto wa umri huu mnaelewa shughuli yake. Kichanga unambadilishia mapajani na jirani yako hajui kama kuna kitu kimefanyika. Huyu wa mwaka na nusu anapiga mateke, anajigeuza, anataka kuishika pampasi chafu aone kuna nini, na mkono huohuo unakwenda mdomoni. Tulipopita Gairo tumbo likamchafuka. Nikamwomba konda wasimame kidogo, akasema watu walishachimba dawa, nivumilie mpaka hotelini. Nikavumilia. Mtoto analia, harufu imejaa, na abiria wa nyuma anafungua dirisha kwa kishindo ili nijue amekereka.

Tulipofika hotelini konda akatangaza dakika kumi. Choo kilikuwa nyuma ya jiko la chipsi. Mlangoni amekaa dada na sahani ya chenji mapajani. Nikalipa, nikaingia. Kulikuwa na sinki refu la vigae lenye koki tatu, nikazijaribu zote, hakuna hata tone. Nikamwuliza dada sabuni iko wapi, akajibu, "Sabuni wanaiba dada'angu, kamuulize bosi." Nikamwuliza nimlaze wapi mtoto. Akanionyesha juu ya simtanki la saruji: pameinama, kimo cha kifua changu, na chini yake kuna mtaro wa maji machafu. Mtoto akijigeuza mara moja yuko mtaroni. Nikakataa.

Nikambadilisha akiwa amesimama, ameshikilia mabega yangu, mimi nimechuchumaa kwenye maji ambayo sijui ni ya nini, kanga nimeifunga shingoni isiburuze chini. Mkono mmoja unafuta, mwingine unamzuia asishike ukuta. Dereva anapiga honi. Sikumlaumu yule dada, yeye naye ni mwajiriwa na ndoo ya maji hapewi. Nilichoshindwa kuvumilia ni nilipotoka nje na kukuta meza zimejaa abiria wanakula kuku kwa mikono, na wengi wao nimepishana nao kwenye choo kilekile chenye koki kavu.

Najua kuna watakaosema, "Si ubebe waipsi na sanitaiza?" Nabeba, kila safari. Naomba tuelewane hapa, maana kisingizio hiki ndicho kinachowapa wenye vyoo usingizi mzuri. Waipsi zinaondoa kinyesi kwenye ngozi ya mtoto. Haziuoshi mkono wa aliyemfuta. Sanitaiza inafanya kazi kwenye mkono ambao tayari hauna uchafu. Mkono wenye kinyesi au grisi ukiupaka sanitaiza umesambaza tu, na kuna vimelea vya kuharisha ambavyo spiriti haiviui sawasawa. Ndiyo maana tunaambiwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20 za kusugua, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha.

Na ile kauli ya "kinyesi cha mtoto hakina shida" iishe kabisa. Nimeisikia kwa watu wazima wenye elimu zao. Kinyesi cha mtoto kinabeba kirusi cha rota, kinabeba vimelea vya kuhara damu, homa ya matumbo, kipindupindu na mayai ya minyoo, sawa na cha mtu mzima. Watoto wetu wanapewa chanjo ya rota tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10, nasi tunashukuru kwa sababu imewaepusha wengi na kulazwa. Lakini inakinga kirusi hicho kimoja. Haikingi kopo la chooni. Dar tulionja kipindupindu kuanzia Agosti 2015, kikasambaa mikoani, na tukafundishwa upya jinsi kinyesi cha mtu mmoja kinavyofika mdomoni mwa mwingine kupitia mikono na maji. Tumesahau haraka hivi?

Mimi nimejipanga kadiri ninavyoweza, na ninaandika hapa kwa faida ya mwenye mtoto mdogo anayesoma. Nina makintoshi, ile ya kitandani inayouzwa kwa mita, nimeikata kipande cha kukunjika kwenye mkoba. Juu yake natandika kanga, na siku zote upande ambao jina linasomeka vizuri ndio unaomgusa mtoto, upande wa nyuma ndio wa chini, hivyo sikosei hata gizani. Nina chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo kizibo chake nimekitoboa kwa msumari wa moto, ukiibinya kidogo yanatiririka kama ya bomba. Kipande cha sabuni kimo ndani ya soksi ya mwanangu iliyobaki moja, kwa hiyo hakiteleziki na hakidondoki chini. Nanawa kabla ya kumgusa, hili wengi wanaliruka, halafu namfuta kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa mtoto wa kike usiwe na mchezo na hilo kwa sababu ya maambukizi ya njia ya mkojo. Namkausha kabla ya kumvisha nyingine, maana ngozi mbichi ndani ya pampasi inachubuka. Nikimaliza naifuta makintoshi, nanawa tena, na yeye namnawisha mikono. Alikuwa anagusa kila mahali. Safarini namvisha zile pampasi za kuvuta kama chupi. Zinachanwa pembeni, unambadilisha akiwa amesimama.

Lakini niambieni, lita moja na nusu ya maji itamtosha mtoto anayeharisha kutoka Gairo mpaka Mwanza? Hapo bado anahitaji ya kunywa, na mwenye kuharisha lazima anyweshwe kila wakati, na ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari, inachanganywa na lita nzima ya maji safi. Mzazi hawezi kusafiri na bomba lake.

Halafu pampasi chafu iende wapi? Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na mimi naiunga mkono marufuku hiyo, mitaro ya mtaani kwetu ilikuwa imejaa rambo. Ila mfuko mbadala wa kitambaa unavujisha na harufu inapita. Mimi natunza mifuko ya mkate: kinyesi nakimwaga chooni kama choo kipo, pampasi naikunja kwa ndani, nafunga kwa gundi zake zenyewe, naitia kwenye mfuko wa mkate, nafunga fundo. Kisha naibeba mapajani saa nzima kwa sababu ndani ya basi hakuna pipa, na kule hotelini "pipa" ni shimo la takataka lililo wazi, mbwa wanachambua, nzi wanatoka pale kwenda kwenye sinia la nyama.

Ndiyo hapo unaona mzazi anafungua dirisha anarusha pampasi barabarani. Hao nawasema bila kuwaonea haya. Ni uchafu na ni ubinafsi. Kuna mwanakijiji anayepita pale na mbuzi wake, kuna watoto wanaookota wachezee. Na wale wanaombadilishia mtoto juu ya meza ya kulia chakula kwenye mgahawa, nao wanakosa. Mwenzako anakuja kuweka sahani hapo. Lakini nikimaliza kuwasema wazazi narudi palepale kwa mwenye biashara. Umeweka viti virefu vya kulishia watoto, umeweka bembea nje ili familia zije zinunue chakula, umeshindwaje kufunga ubao mmoja ukutani?

Kuna jengo moja la maduka hapa mjini lina meza nzuri ya kubadilishia, inakunjuka, ina mkanda. Iko choo cha wanawake tu. Mume wangu alikuwa na mtoto peke yake siku hiyo, mlinzi akamzuia, akaambiwa amtafute mwanamke yeyote amsaidie. Yaani baba ampe mwanawe mtu asiyemjua, aingie naye chooni! Akaishia kumbadilishia kwenye buti la gari la rafiki yake, juani. Wamarekani waliliona hili mwaka 2016, Obama akasaini sheria kwamba majengo ya serikali kuu yanayoingiwa na umma yawe na meza ya kubadilishia watoto kwenye vyoo vya wanaume na vya wanawake. Jirani zetu Kenya nao waliandaa mswada wa akina mama wanaonyonyesha wa mwaka 2019, na suala la sehemu ya kubadilishia watoto lilikuwa ndani yake. Sisi hata mjadala hatujauanza.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni kliniki. Hapo unapokuja kumpima mtoto uzito na kumchanja. Benchi zimejaa akina mama zaidi ya mia, kila mmoja na mtoto, na kila mtoto kwa saa nne za foleni lazima atachafua. Hakuna pa kubadilishia. Akina mama wanatandika kanga sakafuni kwenye korido, mita mbili kutoka kwenye mzani, halafu wanamvua mtoto na kumweka kwenye mzani uleule mwingine alipokojoa. Nesi anafundisha usafi pale mbele kwa sauti, anafundisha vizuri kweli, na koki iliyo nyuma yake imefungwa kwa kamba ya mpira.

Msiniambie ni gharama. Mwaka 2020 corona ilipoingia, kila duka, kila stendi, kila kibanda cha miamala kiliweka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni. Nchi nzima, ndani ya wiki chache. Zile ndoo ziko wapi? Nimeiona moja kwenye stendi ileile niliyopandia, imewekwa maua. Na mahali pasipo na bomba kuna kibuyu chirizi: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia kwa mguu, sabuni inaning'inia pembeni. Wanafunzi wa shule za msingi wanakitengeneza wenyewe. Mwenye hoteli inayoshusha mabasi mchana kutwa, kila abiria analipia choo, anashindwa na dumu?

Tumekuwa na kampeni ya Nyumba ni Choo tangu 2017, na ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 imefufuliwa 2024. Nazipenda, nyumbani kwetu zimebadilisha mambo. Sasa zije barabarani. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ipo, maafisa afya wapo, wanapita kwa mama ntilie wanamwuliza aproni na kipimo cha afya. Wapite na kwenye hivi vyoo. Mwenye kutoza hela ya choo aonyeshe maji, sabuni na pipa lenye mfuniko, na awe na sehemu moja kavu ya kumlaza mtoto, isiwe juu ya tangi, iwe na ukingo asianguke, baba na mama wote waifikie. Asiye navyo asitoze hata shilingi mia.

Na nyie wenye mabasi, ambao hoteli za kusimama mnazichagua wenyewe: ichagueni yenye maji. Mkiona koki kavu, hamisheni basi kwenye hoteli nyingine, muone kama wiki ijayo maji hayajatoka. Wekeni pipa dogo lenye mfuniko karibu na mlango. Konda akiambiwa mtoto anaharisha, asimamishe mahali salama dakika tano. Mtoto wa mwaka na nusu hawezi kubana mpaka hotelini.

Nataka kupeleka malalamiko kwa maandishi, yenye picha na tarehe, kuhusu ile hoteli na ile kliniki. Mwenye kujua kifungu kinachombana mwenye choo cha biashara kwenye sheria ya 2009, au sheria ndogo za halmashauri yake, akiweke hapa. Maafisa afya mliomo humu, nijibuni: malalamiko ya choo kilichoko barabara kuu yanaanzia kwa mtendaji wa kata au moja kwa moja halmashauri? Na aliyewahi kulalamika akasikilizwa, aseme alimwandikia nani na ilichukua muda gani.