Nabanaje nywele ndefu zisikatike?

Mashosti, nina nywele za asili zimepita mabega na kazini lazima nizibane juu, sasa rababendi inazinyofoa na hapa mbele zimeanza kupungua. Nyie mnabanaje?

mama_kijacho: Pole mwaya. Achana na rababendi nyembamba, zinasaga nywele palepale kila siku mpaka zinakatika. Kata taiti kuukuu upate kipete cha kitambaa, kinashika bila kuvuta. Na usibane zikiwa zimelowa, nywele yenye maji inavutika sana halafu inakatika.

wa_tanga: Mi natumia pini za umbo la U, unasokota mkia unauzungusha kichogoni, pini inashika kwanza nywele chache za nje ya fundo halafu unaigeuza unaizamisha ndani, haitoki hata ukigombania daladala. Zile pini ndogo za kawaida kiplastiki cha nchani kikitoka tupa, zinakwangua.

dadaK: Jamani hiyo ya mbele usiichukulie poa. Ukibana ukaona vipele au ngozi inauma fumua saa hiyohiyo, zikivutwa miaka mingi mashina yanakufa hazioti tena. Badilisha fundo, leo juu kesho chini, usiku fumua ulale na kilemba cha satini.