Fedha za kampuni za dawa na bima: zinanunua kura Marekani?

MADA: Kila muswada wa afya ukifika Kongresi, orodha huzagaa: mbunge fulani "kapewa" kiasi fulani na kampuni ya dawa, basi kanunuliwa. Tarakimu hiyo inasomwa vibaya. Tangu 1907 kampuni hairuhusiwi kumpa mgombea wa shirikisho fedha za hazina yake. Kinachojumlishwa ni vitu viwili: PAC ya kampuni, yaani kamati yake ya kuchangia siasa, inayochangiwa hasa na mameneja na wenye hisa (ukomo dola 5,000 kwa kura ya mchujo, 5,000 nyingine uchaguzi mkuu), na michango ya watu binafsi inayozidi dola 200, ambayo hutajwa pamoja na mwajiri. Muuguzi aliyechangia kwa sababu ya sheria za bunduki naye anatiwa kapu la "sekta ya afya".

JIBU: Mkuu, hesabu zako sawa, ila umeishia mlangoni. Sheria ya 2003 iliyoleta malipo ya dawa ndani ya Medicare, bima ya serikali ya wazee, iliikataza serikali kuingilia mazungumzo ya bei. Billy Tauzin, aliyeongoza wakati huo Kamati ya Nishati na Biashara ya Baraza la Wawakilishi, inayopitia pia miswada ya afya, Januari 2005 akaingia kuongoza PhRMA, chama cha kampuni za dawa. Ajira ya kesho utaiona kwenye rekodi gani ya michango?

MLETA MADA: Huoni. Ndiyo maana nasema tusibishanie dola 5,000. Hata kura ya mwisho haisemi mengi. Septemba 2021, kwenye kamati hiyohiyo, Wademokrati watatu walikataa Medicare ijadili bei; kura zikawa 29 kwa 29, kipengele kikakwama hapo. Mmoja wao, Scott Peters, anatoka San Diego, ambako utafiti wa dawa umeajiri watu wengi. Ni mchango au ni wapiga kura wake? Vyote vinavuta upande mmoja. Mwaka 2022 sheria ilipita, naye akaiunga mkono, lakini imeshalegezwa: dawa 10 tu za kwanza, bei mpya kuanzia 2026, na vidonge haviguswi mpaka takriban miaka 9 baada ya kuidhinishwa, dawa za kibiolojia (zinazotengenezwa kutokana na viumbe hai) 13. Anayehesabu "ndiyo" na "hapana" za mwisho hapati kitu.

JIBU LA TATU: Basi pimeni hivi. Chukua mbunge mmoja, fungua rekodi za FEC, tume ya uchaguzi ya shirikisho, tenga PAC na watu binafsi. Linganisha msimu wa uchaguzi kabla hajaingia kamati ya afya na ule uliofuata. PAC zikipanda kabla hajapiga kura hata moja, kilichonunuliwa ni miadi ya kukutana naye, si msimamo. Usisahau PAC ya pili ambayo mbunge huiongoza mwenyewe. Ina ukomo wake, dola 5,000 kwa mwaka, na wengi huiruka. Super PAC nazo, zinazompigia debe mgombea bila kumpa fedha mkononi, hazina ukomo tangu 2010.

JIBU: Hata miadi yenyewe hutaiona. Ripoti za washawishi (lobbyists, wanaolipwa kuwashawishi wabunge) za kila miezi mitatu hutaja muswada na kama walikwenda Seneti au Baraza la Wawakilishi. Jina la mbunge waliyekaa naye halitakiwi.