Tiba ya akili ni sayansi kweli au maneno tu? Naomba tujadili

Ndugu zangu, juzi barazani hapa Ujiji mwalimu mmoja wa fizikia alitoa hoja iliyoninyima usingizi. Alisema mgonjwa wa malaria anachomwa kidole, mistari miwili ikitokea kwenye kipimo ubishi umekwisha. Daktari wa akili anapima nini zaidi ya maneno ya mgonjwa? Kwake, saikolojia na tiba ya akili si sayansi. Wengi waliitikia. Mimi napinga.

Aibu za fani hii nazijua. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Akaupa jina, drapetomania, akashauri viboko. Sisi ambao mji wetu ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa iliyopita Tabora hadi Bagamoyo hatuhitaji kuelezwa ubaya wa "sayansi" ya namna hiyo. Tena mwaka 2015 wanasaikolojia walirudia tafiti 100 za wenzao, na zilizosimama hazikufika hata 40.

Lakini nani aliyewaumbua? Ni wao wenyewe, wakachapisha kila mtu asome. Mganga aliyemwambia mama kwamba mdogo wangu katupiwa jini hajarudi mpaka leo kusema alikosea.

Huyo mdogo wangu ndiye anayenifanya nisinyamaze. Alikuwa anakesha siku tatu, nne, anaongea bila kituo, anagawa mtaji wake wa dagaa kwa kila apitaye mwaloni Kibirizi. Sasa anatumia dawa iitwayo lithiamu, na ametulia. Daktari wa akili John Cade wa Australia aliijaribu kwa wagonjwa 10 wenye hali kama yake, akatangaza matokeo mwaka 1949. Hawakumwamini kwa neno lake tu: miaka ya 1950 Mogens Schou wa Denmark aliipima upya, akiilinganisha na vidonge visivyo na dawa. Na kiasi chake hupimwa kwenye damu, maana kikizidi kidogo tu ni sumu.

Kwa hiyo, Mwalimu, damu inachukuliwa, ila inapima dawa, haipimi ugonjwa. Hapo una hoja, nakubali kabisa. Daktari anayekutajia jina la ugonjwa kana kwamba ndilo chanzo chake hakutendei haki.

Ila mistari miwili haiwezi kuwa mlango pekee wa sayansi. Harare, Zimbabwe, wahudumu wa kawaida, wengi wao akina bibi, walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi la zahanati na kumsaidia kupanga matatizo yake. Jaribio lilihusisha watu 573, na zahanati zao ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: zenye benchi na zenye huduma ya kawaida. Baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa benchini. Kwa wale wa huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 49.9.

Mwalimu, tofauti hiyo wewe unaiitaje?