Naomba ushauri: majina yasiyojulikana ya 1 Nyakati 1–9 nayafundishaje?

Mwanazamu
Wakuu, salaam. Nina zamu ya somo kwenye kikundi cha Biblia, dakika 40, na nimepangiwa 1 Nyakati 1–9. Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba ukitafsiri majina kumi ya Mwanzo 5, Adamu hadi Nuhu, unapata sentensi ya Injili. Niutumie kama utangulizi? Na majina yasiyo na habari nyingine yoyote niyafanyeje? Kiebrania sijui, natumia Union na namba za Strong.

Alefu_Bethi
Huo ujumbe uache, mkuu. Lameki wanamwita "aliyekata tamaa", ilhali hakuna mzizi wa Kiebrania (konsonanti zinazobeba maana ya neno) l-m-k unaojulikana. Maana hiyo imeokotwa hewani. Kenani anaitwa "huzuni", wakati jina lake ni herufi za Kaini zikaongezewa n moja. Enoshi ni "mtu", basi.

Anza na majina ambayo Biblia yenyewe imeyaeleza. Katika hayo kumi ni mawili: Sethi (Mwa 4:25) na Nuhu (5:29). Hata hapo mwandishi anacheza na sauti: Nuhu linatokana na kupumzika, lakini aya inatumia neno la kufariji, n-h-m. Yabesi wa 1 Nya 4:9 ni vivyo hivyo. Huzuni ni '-ts-b, jina ni y-'-b-ts (alama ' ni herufi ayini, na ts ni herufi moja): herufi mbili za mwisho zimepishana. Mama kataja huzuni, lakini jina halitamki neno hilo sawasawa.

Strong ni itifaki, yaani orodha ya maneno ya Biblia na aya yalimo, ya 1890. Namba yake inakuonyesha kama jina ni lilelile kwa Kiebrania, na kwa hilo ni nzuri sana. Maana ya jina iliyoandikwa pembeni mara nyingi ni makisio.

Ramani Mezani
Kabla ya kuuliza "huyu ni nani?", uliza "hapa ni wapi?" 1 Nya 2:50-51 ina Shobali baba wa Kiriath-yearimu na Salma baba wa Bethlehemu. Bethlehemu si mtoto, ni mji; "baba" hapo ni mwanzilishi, au mkuu wa ukoo ulioukalia.

Mfano mnono kuliko yote ni kabila la Manase. Hesabu 26:30-33 inataja koo za Iezeri (ndiye Abiezeri), Heleki, Asrieli, Shekemu na Shemida, halafu binti za Selofehadi, wakiwamo Noa na Hogla. Mwaka 1910 wachimbaji wa Harvard walipata huko Samaria vigae vilivyoandikwa kwa wino, vya karne ya 8 KK: kumbukumbu za mitungi ya divai na mafuta, na mahali ilikotoka. Majina yote saba yamo. Kwa hiyo Noa na Hogla yalikuwa majina ya maeneo. Sasa rudi Hesabu 27:4, binti wanapolalamika jina la baba yao lisifutwe: wanadai shamba.

Usimchanganye Noa, binti wa Selofehadi, na Nuhu wa safina. Kwa Kiebrania jina la binti lina herufi ayini. Kiingereza ndicho kinachoandika yote mawili Noah.

Daleti au Reshi
Mimi ningeongeza kulinganisha orodha mbili. Kiebrania cha Mwanzo 10:4 kina Dodanimu, cha 1 Nya 1:7 kina Rodanimu. Herufi za Kiebrania daleti (d) na reshi (r) zinafanana mno, mnakili alikosea. Tafsiri nyingine husawazisha kimyakimya, ndiyo maana msomaji haoni kitu.

Tofauti nyingine si makosa. Mwana wa Sauli ni Eshbaali katika 1 Nya 8:33, ila 2 Samweli 2:8 inamwita Ishboshethi. Baali ni "bwana", lakini pia ni jina la mungu wa Wakanaani; boshethi ni "aibu": mtu aliona jina linanuka, akalibadili. Kitabu kilichoandikwa baadaye ndicho kilichotunza umbo la kale. Na jina lilikuwepo kweli: mtungi uliopatikana kwenye magofu ya Khirbet Qeiyafa, Israeli, mwaka 2012 umeandikwa Eshbaali mwana wa Beda. Si yule wa Sauli, usije ukateleza hapo.

Mwanazamu
Shukrani wakuu. Dakika 40 zitatosha?

Ramani Mezani
Kwa sura tisa, hapana. Yabesi dakika 8, Manase 15, Eshbaali 7, kumi za maswali. Manase usimfundishe kutoka 1 Nya 7:14-16, aya hizo zimevurugika: Maaka ni dada katika aya ya 15, mke katika ya 16, na mtu wa kwanza kunyoosha mkono atakuuliza hilo. Tumia Hesabu 26 na Yoshua 17:2-3.