Nyie mnaoosha injini kwa mashine ya presha mtatumalizia magari

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona nimeandika ovyo nivumilieni.

Jumamosi nimetoka safari, kigari changu Toyota IST ya 2004 ile ya injini ya 1NZ kimejaa vumbi jekundu hadi kwenye vitasa, nikapitia sehemu fulani ya kuoshea magari, jina silitaji maana sitaki kesi. Nikamwambia dogo osha bodi na ndani, basi. Nikakaa pembeni na chai yangu, nikainamia simu kidogo tu, kuinua macho boneti iko juu na jamaa kashika mashine ya presha anapiga maji humo ndani kama anazima moto! Injini imezimwa hata dakika kumi hazijafika, mvuke unapaa mpaka nikadhani rejeta imepasuka. Nakimbilia kumzuia ananiambia "bosi tulia, hii ofa, injini tunakuoshea bure."

Ofa!

Nikawasha ikawaka, nikasema afadhali. Kilomita mbili mbele, kwenye kilima, gari inatetemeka, nakanyaga mafuta inagugumia tu, taa ya cheki injini inapepesa. Na wanaojua wanajua, ile taa ikiwaka ikatulia unaweza kujivuta hadi kwa fundi, ila ikipepesa ujue petroli haiungui inakwenda mbichi kwenye egzosi, ukilazimisha unaua na masega, kile kichujio cha moshi kwenye egzosi. Nikapaki, nikaita fundi. Kupima inasoma P0302, silinda namba mbili inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Akafungua bolti moja namba 10 akachomoa koili, ile inayoipa plagi umeme, wakuu, kile kishimo cha plagi kilikuwa kisima. Maji kabisa. Akapuliza upepo, akafuta, akaweka plagi mpya, wapi, koili imeshakufa. Koili ya mtumba, plagi, kupima, ufundi na bodaboda ya kufuata koili, elfu tisini na tano imenitoka kwa ajili ya kitu cha bure.

Sasa najua atatokea mtu hapa aseme mbona mvua inanyesha na magari yanatembea. Kaka, mvua haiingii kwenye boneti kwa presha. Zile soketi zina viraba vidogo vya kuzuia maji yanayoruka kutoka barabarani, sio mdomo wa mashine ukiwa kiganja kimoja toka kwenye waya. Tena ni viraba vya gari ya miaka ishirini, joto limevikausha vimekuwa vigumu kama ukucha, vingine vilishakatika kwa fundi wa nyuma na hakuna aliyekuambia. Koili zenyewe zimesimama juu kabisa ya injini, kila moja juu ya plagi yake, maji yakishaingia pale hayana pa kutokea. Alteneta nayo ina matundu wazi ya kupozea, ukiipiga maji ya presha unatafuta kuua beringi na umeme wote wa humo ndani. Na chuma cha egzosi kikiwa cha moto vile ukakimwagia maji ya baridi ghafla kinaweza kupata ufa, hata mama zetu hawatoi chungu motoni wakakiweka kwenye maji.

Kuna wabaya zaidi ya hao, wanaopuliza mafuta ya taa au dizeli injini ing'ae. Inang'aa kweli, siku mbili. Mafuta yanabaki kwenye mikanda na mipira, mpira unavimba unalainika, mkanda unateleza na kupiga kelele, na vumbi la safari inayofuata linaganda pale pale. Wa petroli hao siwasemi, mvuke wa petroli na betri haijafunguliwa, cheche moja tu mnatafutana.

Kinachoniuma ni kwamba hii kazi miaka yote nilikuwa naifanya mwenyewe nyumbani, wala sio sayansi. Asubuhi gari imelala, injini ya baridi. Nafungua boneti, natoa kwa mkono majani yaliyojaa pale chini ya kioo maana yakiziba njia ya maji mvua ikija inaingia hadi miguuni kwako, na angalia panya, wakishafanya kiota humo wanatafuna nyaya. Brashi kavu au upepo unatoa vumbi karibu lote, watu wanakimbilia maji wakati asilimia kubwa ya uchafu ni vumbi tu. Kisha nachomoa ule upande hasi wa betri, spana namba 10 hiyo hiyo. Ila kama una redio ya Kijapani inayodai namba ya siri au kadi ya ramani betri ikitoka, fikiria kwanza, utaosha injini uanze kutafuta fundi redio. Mwenye redio ya hivyo achomoe funguo, aishie kwenye kitambaa chenye unyevu tu.

Alteneta, kisanduku cha fyuzi, koili na mdomo wa kuvutia hewa navivisha mifuko ya nailoni, nafunga vizuri. Sabuni ya vyombo kwenye ndoo ya maji, au ile dawa ya kutoa grisi, naiweka kwenye brashi au kitambaa, SIO kumwaga juu, nasugua penye oili, naacha dakika chache isikauke, nafuta na kitambaa cha maji safi mara mbili tatu. Umemaliza. Ukiona lazima maji yamwagike, kikombe au bomba la bustani bila kubana mdomo, tena pale chini kwenye chuma, mbali na umeme. Mifuko yote uitoe kabla ya kuwasha, usije kuacha nailoni ikavutwa na mkanda. Boneti wazi juani saa moja, rudisha betri, washa iungurume ikiwa imesimama. Mlio wa kupanda na kushuka kidogo mwanzoni usikutishe kama ulitoa betri. Wenye haibridi, zile nyaya za rangi ya chungwa msiziguse kabisa, Prius pale kuna zaidi ya volti 200, hiyo sio ya kujifunzia.

Na nyie mnaonunua magari mkaona injini inang'aa kama sahani ya mgeni mkafurahi, shauri yenu. Gari imetembea kilomita laki na nusu halafu tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, haina hata tone la oili, kuna mtu kaiosha asubuhi hiyo ili usione inavujia wapi. Iendeshe nusu saa, fungua boneti tena, ndio uangalie.

Nimerudi leo pale kudai hela yangu. Dogo hayupo. Msimamizi ananiambia gari ilikuja mbovu, maji hayaharibu injini, kama yanaharibu mbona ya kwake anaosha hivyo kila wiki. Nikamwambia fungua boneti yako tuone soketi. Akasema funguo hana.

NYONGEZA saa 3 usiku: nimewasha sasa hivi niingize gari ndani, inamisi tena. Safari hii inasoma P0303.